Mwisho Usiofanya Kazi

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na msomaji akiona mambo yake yanafanana na ya kwao, anisamehe. Sijawahi kufika kwao.

Mimi nilikuwa karani wa Bodi ya Miisho ya Filamu, ghorofa ya tatu, jengo la Wizara ya Utulivu. Bodi yetu haikuwa na tabia mbaya ya kukagua filamu nzima kama zinavyofanya nchi zisizoheshimu sanaa. Serikali iliamini kuwa mtazamaji anaweza kuteseka katikati ya filamu kadiri apendavyo, mradi atoke ukumbini ametulia. Kwa hiyo tulikagua dakika kumi za mwisho tu. Filamu ya kuchekesha iliruhusiwa kumalizika kwa harusi, au kwa kiongozi kufika eneo la tukio na kutatua tatizo. Watengenezaji wengi, kwa kuogopa usumbufu, walimleta kiongozi harusini.

Bi Sikudhani Mlekwa alikuwa ametengeneza filamu saba za namna hiyo. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu huku amefumba macho, na watu walimpenda kwa sababu filamu zake zilichekesha kweli mpaka zilipobaki dakika kumi. Filamu yake ya nane ilihusu waziri anayekwenda kuzindua bomba la maji mtaani. Bomba halina maji, na wasaidizi wake wanamficha mtu nyuma ya ukuta ili amimine ndoo kwenye mpira uliounganishwa na bomba wakati waziri anafungua. Mtu huyo anapiga chafya. Sitaieleza yote, maana kichekesho kikielezwa na karani hufa.

Waziri huyo wa kwenye filamu aliigizwa na Mwalimu Chengo Majembe, aliyekuwa akifundisha jiografia katika shule ya msingi ya mtaa wa Kisimani. Alikuwa na tumbo linalofaa, na alijua kumwiga Mheshimiwa Burhani Mapande, Waziri wetu wa Maji na Matumaini, kiasi kwamba akipita sokoni wauza nyanya walisimama. Picha zote zilipigwa hapohapo Kisimani, kwenye bomba la kweli, lililozinduliwa na Mheshimiwa Mapande mwenyewe miaka mitatu nyuma na kukauka kesho yake. Hiyo haikuwa siri ya serikali. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa Kisimani.

Shida ilikuja kwenye mwisho. Sheria ilitaka kiongozi afike na maji yatoke. Kiongozi alikuwapo, ndiye Mwalimu Chengo. Maji ndiyo hayakuwapo. Bi Sikudhani alingoja siku kumi na moja, kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu, bomba likitoa hewa. Siku ya kumi na mbili kamera ya kuazima ilitakiwa kurudishwa kwa wenyewe. Akamwita Mwalimu.

"Geuka uitazame kamera," akamwambia. "Vua hiyo miwani ya uwaziri. Sema wewe ni nani na unakaa wapi, halafu waulize watu kama kwao maji yanatoka."

"Halafu?"

"Halafu basi. Imekwisha."

Mwalimu Chengo akajipangusa jasho. "Bi Siku, huo siyo mwisho. Umechoka tu. Mtu amekaa saa moja na nusu anamwamini huyu waziri wangu, leo nimwambie kuwa nilikuwa namdanganya? Atasema nimempotezea muda."

"Hakuwa anamwamini. Alikuwa anamcheka."

"Mtu hacheki asichokiamini. Weka harusi. Mimi niko tayari kumwoa hata yule mwenye chafya."

Bi Sikudhani alifumba macho kama kawaida yake, kisha akasema hana jambo lingine kichwani, na kama Mwalimu analo alitoe. Mwalimu hakuwa nalo. Nyuma ya kamera alisimama mke wake, katoka kisima cha kanisani na ndoo mbili zilizojaa nusu, anamtazama. Mwalimu alinieleza baadaye kuwa ni macho ya mkewe yaliyomshinda, siyo hoja ya Bi Siku.

Akavua miwani. "Mimi siyo Waziri," akasema. "Naitwa Chengo Majembe, mwalimu, nakaa Kisimani nyumba ya kijani nyuma ya kanisa. Bomba hili halijatoa maji tangu siku ya pili. Huko kwenu yanatoka?" Akaikazia macho kamera kwa sekunde tano. Hapo picha inakatika.

Filamu ilipofika kwenye Bodi, wajumbe waliitazama mara tatu kwa sababu walidhani mtambo umeharibika. Mwenyekiti wetu, Balozi Mstaafu Desideri Kahumbya, aliagiza aitwe mtaalamu. Akaja Dakta Ilomo wa Chuo Kikuu, mtu aliyeandika kitabu kinene kuhusu vichekesho na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Akatueleza kuwa mwigizaji akimgeukia mtazamaji, wataalamu husema amevunja ukuta wa nne, ulio kati yake na watazamaji.

Mjumbe kutoka Idara ya Majengo aliinua mkono kuuliza nani alitoa kibali cha kuvunja. Dakta akaeleza kuwa ukuta huo hauonekani. Mjumbe akasema kuta zisizoonekana ndizo zenye ujenzi holela. Tukaandika barua kwa Idara, na baada ya wiki sita tukajibiwa kwamba ukuta wa nne haumo katika daftari la majengo ya serikali, hivyo hauwezi kuvunjwa.

Kikao cha pili kikajadili kama mwisho wenyewe unafanya kazi. Tuliwaita madereva, wafagizi na wapishi wa wizara, tukawaonyesha filamu, mimi nikihesabu vicheko kwa vijiti. Walicheka mara mia moja na nne. Mwalimu alipovua miwani, wakanyamaza. Alipouliza swali lake, wakatazamana, na picha ilipokatika wakainuka wakaenda kunywa chai.

"Ndivyo nilivyotarajia," akasema Dakta Ilomo. "Mwisho wa namna hii ni uvivu wa mwandishi. Ameshindwa kufunga hadithi, akavunja nyumba. Tena unamkumbusha mtazamaji kuwa yote yalikuwa mchezo, na akishakumbuka hivyo, kama alikuwa na hasira inamtoka."

"Kwa hiyo haufanyi kazi," akasema Mwenyekiti.

"Haufanyi kazi kabisa."

"Basi uruhusiwe." Balozi Kahumbya alifunga jalada. "Tukianza kukataza visivyofanya kazi katika nchi hii, tutaishia wapi?"

Wajumbe wakapiga makofi. Nikagonga muhuri kwenye cheti, na chini yake nikaandika kwa mkono wangu: Mwisho huu haufanyi kazi. Umeruhusiwa.

Nilimpelekea Bi Sikudhani cheti nyumbani kwake, nikamweleza na maneno ya Dakta. Nilitegemea atafurahi, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kupeleka barua za kukataa. Alikisoma cheti amesimama mlangoni, akakisoma tena, uso ukamsinyaa.

"Wangenikatalia ningejua wameuona," akasema.

"Lakini umeruhusiwa, mama."

"Ndiyo. Umeruhusiwa." Akakikunja akakitia kwenye mkoba, akanikaribisha maji ya kunywa, kisha akakumbuka kuwa hana.

Filamu ilianza kuonyeshwa katikati ya mji, mahali ambapo wizara ziko na mabomba hutoa maji hata yasipofunguliwa. Bi Sikudhani alisimama kando ya mlango wa kutokea, amejifunga ushungi ili asitambulike, asikilize watu wanasema nini. Walisema ni nzuri sana. Walisema yule mwenye chafya ni hatari. Bwana mmoja mwenye tai akamwambia mkewe, "Ila mwisho wameuharibu. Sasa mimi naulizwa mambo ya maji, nilikuja kustarehe." Mkewe akasema labda waliishiwa.

Kesho yake Bi Sikudhani alimfuata Mwalimu Chengo shuleni, akamkuta anasahihisha madaftari. Akamwambia kuwa yeye alikuwa sahihi, Dakta alikuwa sahihi, na bwana wa tai alikuwa sahihi, na kwamba ataazima kamera tena amalizie kwa harusi.

"Na Jumamosi?" akauliza Mwalimu. Jumamosi filamu ilikuwa ionyeshwe Kisimani.

"Jumamosi waione hivyohivyo. Hawa wa kwetu watanisamehe."

Nilihudhuria Jumamosi hiyo kwa niaba ya Bodi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mikutano wa mtaa. Watu walikuwa wamekaa mpaka madirishani. Walicheka kupita madereva wetu, kwa maana walikuwa wanaliona bomba lao, ukuta wao na mbuzi wa jirani yao akipita nyuma ya waziri. Mwalimu akavua miwani. Akasema jina lake na nyumba yake. Akauliza, "Huko kwenu yanatoka?" Picha ikakatika, skrini ikabaki nyeupe.

Hakuna aliyeinuka. Kisha mstari wa tatu, Bi Kashindye, muuza vitumbua, akajibu kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na jirani uani. "Hayatoki, Mwalimu."

"Hata kwetu Mtaa wa Juu hayatoki," akasema mwingine.

"Sisi wa karibu na mnada tuna mwaka wa pili."

Wakaendelea, nyumba kwa nyumba, wakizungumza na ile skrini nyeupe. Mwalimu Chengo mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo ukumbini, lakini hakuna aliyegeuka kumtazama. Walimjibu yule wa kwenye skrini. Mzee mmoja aliyestaafu reli akatoa karatasi akaanza kuandika majina ya mitaa. Nilimwona Bi Sikudhani amesimama mlangoni, safari hii macho wazi. Katika ripoti yangu niliandika ukweli: mwisho ulichukua dakika arobaini badala ya sekunde tano zilizoidhinishwa.

Bodi ilikutana kwa dharura. Ilikuwa imethibitisha kisayansi kuwa mwisho ule haufanyi kazi, na Bodi haikosei, kwa hiyo kosa lilikuwa la mwisho wenyewe, kwa kufanya kazi kinyume cha cheti. Lakini mwisho hauwezi kushtakiwa. Filamu nayo isingeweza kuzuiwa, kwa kuwa muhuri wetu ulikuwa juu yake. Alibaki Mwalimu Chengo. Ikagundulika kuwa ni mtumishi wa umma aliyetaja jina lake na mahali anapokaa mbele ya watu bila kibali cha mwajiri.

Hakuonewa. Alihamishwa tu. Alipelekwa shule ya msingi Ng'ambo ya Pili, safari ya siku nzima kutoka mjini, shule ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Ilikuwa na mlingoti wa bendera na kibao. Barua ilimtaka afike kila siku saa moja na nusu asubuhi, asaini, akae hadi saa tisa.

Bi Sikudhani alikwenda kumwona katika mwezi wa pili wa uhamisho wake. Alimkuta amekaa kwenye jiwe, kakonda, tumbo la uwaziri limekwisha. Alikuwa amechora ramani ya nchi kwenye vumbi, mito yote, na mbuzi walikuwa wamepita katikati.

"Mke wangu hajambo?" akauliza kabla hajasalimiwa.

"Hajambo. Amekuletea unga." Bi Sikudhani akakaa chini. "Mwalimu, mimi nilikuwa na uchovu tu siku ile, kama ulivyosema. Ungekataa nisingekulaumu."

"Nilikwambia huo siyo mwisho."

"Ulisema."

"Na kweli haukuwa." Akaonyesha mlingoti kwa kidevu. "Tazama bado tunaendelea."

Bi Sikudhani alicheka, kisha akalia, na Mwalimu akamwacha alie, akafuta nyayo za mbuzi kwenye ramani yake.

Wakati huo Mheshimiwa Mapande alikuwa amepata habari, na hakukasirika hata kidogo. Alichosikia ni kwamba wananchi hupenda kuulizwa. Akaagiza atengenezewe filamu yake mwenyewe, ambamo ataigiza yeye mwenyewe, na mwishoni atawageukia wananchi awaulize kama wameridhika. Zikaachwa sekunde nne za wananchi kujibu, kisha awashukuru kwa jibu. Filamu ililetwa kwetu. Dakta Ilomo akaitwa tena, akasema haya ni mapinduzi ya sanaa, kwamba ukuta wa nne ulikuwa kikwazo cha kikoloni baina ya kiongozi na watu wake. Mjumbe wa Idara ya Majengo akaunga mkono kuvunjwa kwake. Nikagonga muhuri: Mwisho huu unafanya kazi.

Ilipangwa ionyeshwe Kisimani kwanza, Jumamosi saa tisa, Waziri akiwapo. Mwalimu Chengo alirudishwa kwa siku mbili ili aketi mbele, avae kwa heshima na aonekane amejuta. Aliambiwa kuwa akionekana amejuta vizuri, barua yake itatazamwa upya. Bi Sikudhani alikaa karibu naye. Mimi nilikaa jukwaani kwenye meza ndogo, na Waziri kwenye kiti kikubwa kando ya skrini, ameshika hotuba ya kurasa kumi na nne.

Filamu ilitazamwa bila kicheko. Waziri alionekana akipita kwenye bustani yenye maji mengi. Kisha akageuka, akatabasamu, akauliza kutoka kwenye skrini, "Ndugu zangu wa Kisimani, je, mmeridhika?"

"Hapana," ukumbi ukajibu. Ulijibu kwa upole, kwa kuwa uliulizwa.

Waziri wa kwenye skrini akatikisa kichwa kwa furaha. "Asanteni kwa jibu hilo zuri. Linanitia moyo."

Kicheko kilianzia nyuma. "Je, niendelee hivihivi?" akauliza Waziri wa skrini. "Hapana," wakasema, safari hii wakijua kinachokuja, naye akasema, "Nilijua mtasema hivyo." Viti vikaanza kuyumba. Kuna mtu alilala sakafuni. Nilihesabu vicheko mpaka vijiti vikaniishia.

Picha ilipokwisha, Mheshimiwa mwenyewe akainuka, akasogelea kipaza sauti, akafungua ukurasa wa kwanza. Watu walipomwona ametoka pembeni ya skrini akiwa na suti ileile, wakapasuka upya.

"Huyu anamwiga vizuri kuliko Mwalimu," akasema mtu.

"Ila tumbo wamezidisha," akasema Bi Kashindye.

"Ndugu wananchi, mimi ndiye Waziri," akasema Mheshimiwa. Wakashika mbavu. Akamwambia ofisa wa polisi aliyekuwa mlangoni awatoe wanaocheka. Ofisa alijaribu kupiga hatua, akaegemea ukuta, kofia imemfunika uso, mabega yanatikisika.

Waziri alikuwa akitokwa jasho. Akamwona Mwalimu Chengo mstari wa mbele. "Wewe Mwalimu," akasema, "simama uwaambie hawa mimi ni nani."

Mwalimu akasimama na ukumbi ukatulia. Nilimwona Bi Sikudhani amemshika koti, kama anayemzuia au anayemsukuma, hata leo sijui. Kama angesema neno moja tu la adabu, angelala kwake wiki iliyofuata.

"Mheshimiwa," akasema Mwalimu, "mimi nikisema hawataniamini. Humu ndani nilikwisha kuwa Waziri. Mimi pia nilikuwa na suti, na bomba likatoa hewa."

Hakuna aliyecheka. Bi Kashindye akanyoosha mkono kuelekea dirishani. "Bomba liko palepale nje, baba. Kama wewe ni wa kweli, si utalifungua tu?"

Mheshimiwa Mapande alitazama dirisha, akatazama watu, na nadhani aliona kuwa lazima athibitishe kwa njia yoyote kuwa ndiye Waziri. Akatoa simu, akampigia Mkurugenzi wa Maji, na ili asidhaniwe anaigiza, akaiweka karibu na kipaza sauti.

"Maji ya Kisimani yana tatizo gani?" akauliza.

"Hayana tatizo, Mheshimiwa," sauti ya Mkurugenzi ikajaa ukumbi mzima. "Tulifunga koki kubwa kesho yake baada ya uzinduzi, kama ulivyoelekeza, ili bustani ya Wizara ipate. Kuna mtu amelalamika?"

Waziri aliiinamia simu. "Fungua," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Tukakaa. Watu mia nne na zaidi, tumetega masikio dirishani. Nilimtazama mke wa Mwalimu, aliyebeba maji ya kanisa miaka mitatu kwa ajili ya koki ambayo mtu mmoja angeweza kuizungusha. Uso wake sikuweza kuuandika katika kumbukumbu. Kisha nje bomba likakoroma, likatema hewa, likatema kutu, na tukasikia maji yakipiga saruji.

Waliinuka wote kwa pamoja, bila kelele, kama watu waliokumbuka kitu jikoni. Ofisa wa polisi alitoka na wa kwanza, kwao ni jirani. Mwalimu Chengo akamwinamia Waziri kidogo kwa adabu, akamfuata mkewe. Bi Sikudhani akatoka nyuma yao. Ukumbi ukabaki na viti.

"Bado sijasoma hotuba," akasema Mheshimiwa. Akanigeukia. "Karani, wewe andika."

Nikaandika: Ndugu wananchi. Akapumua, akaanza aya ya pili, inayohusu matumaini. Mimi nina watoto wanne na pipa la lita mia mbili. Niliiweka kalamu juu ya karatasi, nikairekebisha isianguke, nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Foleni ilikuwa imeshazunguka kanisa. Vipaza sauti vya nje vilikuwa bado vimewashwa, na tulimsikia Mheshimiwa akiwashukuru wananchi kwa utulivu wao wa kumsikiliza. Mbele yangu alikuwa Mwalimu, na mbele ya Mwalimu Bi Sikudhani, kaazima ndoo isiyo na mkono.

"Jumatatu nirudi kwenye mlingoti," Mwalimu akasema, si kwa mtu fulani. "Barua haijafutwa."

Bi Sikudhani akanigeukia. "Karani, kwenye ripoti yako utaandika nini? Mwisho ule ulifanya kazi au haukufanya?"

Waziri alikuwa amefika ukurasa wa tatu. Maji yalikuwa yakitoka, lakini kwa kupunguapungua. Nikamwambia asogee, foleni inatembea.